Maji ya ziwa yakigoma kiwandani: anza kuyafuata tangu ziwani

Simu iliita saa nane usiku. Alikuwa kijana wa zamu kwenye kiwanda kimoja cha minofu ya sangara hapa Mwanza, na sauti yake ilikuwa imekauka.

"Shikamoo mzee. Barafu imetoka ya kijani."

"Marahaba. Geji iliyo kabla ya mchanga inasoma ngapi? Na ile ya baada?"

"Sijaangalia mzee. Tumeshazima pampu, tunafungua chujio tutoe mchanga."

Nikamwambia warudishe mfuniko wasubiri. Miaka kadhaa nyuma nilifanya vile vile walivyotaka kufanya wao. Maji yalichafuka, nikalilaumu chujio, nikatoa mchanga wa machujio matatu na kuweka mpya. Kiwanda kililala siku mbili, wenye samaki wakarudisha mzigo mwaloni, na tulipowasha, mchanga mpya ukatoa maji yale yale. Tatizo lilikuwa ziwani na kwenye pampu ya shabu, ile dawa inayoshikanisha uchafu wa majini ili uzame. Gharama ile ilimwangukia mwenye kiwanda aliyeniamini, na hadi leo inaniuma. Ndiyo maana nimeandika mwongozo huu, kwa mafundi wa viwanda vya samaki, vya barafu, vya vinywaji na vya ngozi wanaovuta maji moja kwa moja kutoka Ziwa Victoria, kuanzia Kirumba na Igogo hadi Nyegezi na ng'ambo ya ghuba.

Utaratibu wangu ni kufuata maji kwa mpangilio ule ule yanavyosafiri: ziwa, pampu, shabu, tenki la kutuamisha, mchanga, mkaa wa kuchujia, membreni (utando mwembamba unaochuja hata chumvi) kama ipo, klorini, tenki la maji safi. Kila kituo kinapokea makosa ya kituo kilichotangulia. Ukiruka kimoja utatibu dalili.

Kabla hujaanza

Uwe na mita ya pH (kipimo cha ukali wa asidi: chini ya 7 ni asidi, juu yake ni kinyume) iliyosahihishwa wiki hiyo, mita ya tabiditi (kipimo cha ukungu wa maji, kinachosomwa kwa NTU), kipimo cha klorini cha vidonge vya DPD (vinavyogeuza maji kuwa ya waridi klorini ikiwamo), ndoo yenye alama za lita, saa, mitungi sita ya kioo ya lita moja, na daftari. Kila chujio liwe na geji mbili, moja maji yanapoingia na moja yanapotoka. Kiwanda chenye geji moja tu kwa chujio, au chenye geji ambazo mshale umelala sifuri tangu mwaka juzi, kinunue geji kabla ya kununua kitu kingine chochote. Bei yake ni ndogo kuliko ya mfuko mmoja wa mkaa.

Sasa usalama, na hapa naomba usome taratibu. Klorini ya unga isikutane na asidi, wala na shabu, maana shabu iliyoyeyushwa nayo ni asidi: mchanganyiko huo unatoa gesi ya klorini inayochoma mapafu. Isikutane na grisi wala dizeli, itawaka. Na usimwingize mtu ndani ya chujio la mkaa au tenki la chuma lililofungwa kwa muda mrefu bila kupuliza hewa na kuipima. Mkaa mbichi wenye maji unakula oksijeni ya ndani, na chuma kinachoota kutu nacho kinaila. Mtu anaingia mzima, anaanguka kimya, na mwenzake anayekimbilia kumwokoa anaanguka juu yake. Kazi hiyo ina kibali, kamba, na mtu wa kusimama nje asiyeondoka.

Hatua ya 1: Andika kabla ya kugusa

Usifungue valvu wala kubadilisha dozi kabla hujaandika hali ilivyo. Soma geji zote, pima pH, tabiditi na klorini katika kila kituo, halafu waulize watu: maji yalianza kubadilika saa ngapi? Nani alichanganya shabu mara ya mwisho, na kwa ndoo ipi? Mvua ilinyesha? Umeme ulikatika? Swali la umeme linasahaulika sana. Ukikatika na kurudi, pampu kubwa inawaka yenyewe, lakini pampu ndogo ya dozi huenda ikahitaji kubonyezwa. Kiwanda kinaweza kuvuta maji ya ziwa saa nne nzima bila chembe ya shabu, na hakuna anayejua.

Ukishaandika, utaona kituo ambako namba zinaharibika kwa mara ya kwanza. Kuanzia hapo kazi inakuwa nyepesi.

Hatua ya 2: Nenda ziwani kwa miguu

Watu wengi wanatafuta tatizo wakiwa ndani ya chumba cha mitambo. Toka nje. Simama kwenye gati la pampu uangalie maji, uyanuse, uyachote kwenye chupa nyeupe.

Maji ya kahawia baada ya mvua za vuli au masika yanaletwa na mito na mitaro. Mto Mirongo unapita katikati ya mji na kuingia ziwani na kila ulichokokota. Maji ya namna hii tabiditi yake hupanda ghafla na hushuka baada ya siku chache. Yanahitaji shabu zaidi kwa muda.

Maji ya kijani kama rangi iliyomwagika, yenye utando juu na harufu ya udongo au nyasi zilizooza, ni mwani, na mara nyingi ni wale vijidudu wa kijani-buluu wanaoitwa sianobakteria. Ghuba ya Mwanza ina kina kifupi na inapokea mbolea nyingi kutoka mjini na mashambani, kwa hiyo hustawi sana. Mchana upepo wa ziwa unavuma kuelekea nchi kavu na kuusukuma utando ule ukutani kwa pampu yako. Usiku upepo unageuka. Kwa sababu hiyo maji ya saa tisa alasiri na ya saa kumi na moja alfajiri, yaliyochotwa mahali pale pale, yanaweza kuwa maji mawili tofauti kabisa.

Kusi likivuma kwa nguvu miezi ya Juni na Julai, ziwa linajichanganya kutoka chini hadi juu, na maji ya chini yenye oksijeni kidogo yanapanda na harufu yake. Hapo usishangae klorini ikiliwa haraka kuliko kawaida.

Kisha mdomo wa bomba. Gugumaji, nyavu zilizokatika na mifuko ya plastiki hufunga chujio la mdomoni. Kina cha ziwa nacho hakitulii: mwaka 2020 na tena 2024 lilipanda hadi kuzamisha nyumba za ufukweni, na likishuka, bomba lililokuwa kwenye kina kizuri linajikuta karibu na utando wa juu. Pima kina cha maji juu ya mdomo wa bomba kila mwezi kwa kamba yenye jiwe.

Jambo moja kuhusu pampu halisemwi na vitabu vilivyoandikiwa mafundi wa pwani. Uso wa ziwa letu uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa hapa ni nyepesi: inaweza kuinua maji hadi kama mita 9 tu, wakati Dar es Salaam inafika kama mita 10.3, na hiyo ni kwa hesabu, kabla ya kutoa msuguano wa bomba. Pampu iliyopangwa kwa jedwali la pwani ivute kutoka mita 6 au 7 chini yake, hapa itanguruma kama imemeza kokoto, presha itacheza, na mapanga yake yataliwa. Ukisikia mlio huo, safisha mdomo wa bomba, kagua futi valvu (valvu ya mdomoni inayozuia maji kurudi ziwani), paka povu la sabuni kwenye maungio ya upande wa kuvuta uone linakovutwa ndani. Likibaki tatizo, ishushe pampu karibu na maji. Kununua pampu yenye nguvu zaidi kunazidisha ugonjwa.

Hatua ya 3: pH, halafu shabu

Hapa ndipo nusu ya matatizo ya Ziwa Victoria yanapopatikana, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mwani unapopata jua unakula hewa ya kaboni iliyomo majini, na pH inapanda. Maji yenye pH 8 alfajiri yanaweza kuvuka 9 alasiri. Shabu inafanya kazi vizuri kati ya pH 6 na 7.5 hivi. pH ikiwa juu mno, vibonge (madonge madogo ya uchafu ulioshikwa na shabu) havishikani, na sehemu ya aluminiamu inabaki imeyeyuka, inapita kwenye mchanga bila kuonekana, kisha inajitokeza kama unga mweupe ndani ya tenki la maji safi au kwenye barafu. Ukiona unga mweupe, wengi husema ni chokaa. Maji yetu ya ziwa ni laini, chokaa yake ni ndogo. Shuku shabu kwanza.

Upande wa pili, maji haya hayana akiba kubwa ya kuzuia asidi, ile alkalini ambayo fundi anaipima kwa miligramu kwa lita. Kila miligramu 1 ya shabu inakula kama nusu miligramu ya alkalini. Kama kipimo chako kinaonyesha 45 na wewe umetia shabu miligramu 80, umebaki na 5, pH inaporomoka, vibonge vinakataa tena, na mabomba ya chuma yanaanza kuliwa. Hapo ndipo chokaa kidogo inapohitajika. Kwa hiyo maji ya mwani mwingi na maji ya matope mengi yanaweza kukupa dalili moja kwa sababu mbili zinazopingana. Mita ya pH peke yake ndiyo itakutenganishia.

Sasa jaribio la mitungi. Yeyusha gramu 10 za shabu kwenye lita moja ya maji safi. Kila mililita 1 ya maji hayo ukiitia kwenye lita moja ya maji ya ziwa, umetia miligramu 10 kwa lita. Jaza mitungi sita maji ya ziwa ya saa hiyo hiyo. Tia mililita 1, 2, 3, 4, 6 na 8. Koroga kwa nguvu dakika moja, kisha taratibu sana dakika 15, uache vitulie dakika 30. Huna mashine ya kukorogea? Azima miiko sita kantini, wapange watu sita, mmoja ahesabu mizunguko kwa sauti. Nimefanya hivyo mara nyingi na majibu yake yamenitosha.

Usiangalie tu mtungi ulio mweupe zaidi. Vuta maji ya katikati ya kila mtungi kwa sindano, pima tabiditi na pH, na uchague dozi ndogo kuliko zote inayokupa maji unayoyataka huku pH ikibaki juu ya 6. Angalia pia kama vibonge vinazama au vinaelea. Vya mwani huelea mchana, maana vinabeba mapovu ya oksijeni. Vikielea mitungini, vitaelea na kwenye tenki, na dozi kubwa zaidi haitavizamisha.

Dozi ukishaijua, ihamishie kwenye mtambo kwa hesabu, si kwa kukisia. Tuseme unavuta mita za ujazo 20 kwa saa na mtungi umekwambia miligramu 30. Hiyo ni gramu 600 za shabu kwa saa. Kama tenki lako la shabu lina gramu 50 kwa lita, pampu itoe lita 12 kwa saa. Thibitisha: weka mpira wa kuvutia wa pampu kwenye silinda yenye alama, washa dakika tano, inapaswa kunywa lita 1. Ikinywa pungufu, tafuta hewa kwenye mpira, mchanga wa shabu kwenye chujio lake dogo, au kijivalvu kilichoganda. Namba iliyoandikwa kwenye kitufe cha pampu usiiamini mpaka silinda iikubali.

Kijana wa simu ya usiku alipopima, tenki lake la maji ghafi, yaani maji ya ziwa kabla ya dawa, lilikuwa na pH 9.3. Nikamtuma ziwani na tochi: 8.4. Tenki lilijazwa alasiri, utando ukiwa umejaa ukutani, na dozi ya shabu ilikuwa ile ile ya wiki iliyopita. Mchanga wake ulikuwa unachujishwa mwani ambao haukuwa umeshikwa na kitu.

Dawa rahisi kuliko zote wakati wa mwani haina gharama: jaza tenki la maji ghafi usiku wa manane hadi alfajiri, na funga pampu ya ziwani mchana kama ujazo wa tenki unaruhusu. Ukishindwa, tumia shabu zaidi au asidi kidogo kushusha pH, baada ya mitungi kukuonyesha kiasi.

Na tafadhali, utando ukiwa umejaa, usikimbilie kumwaga klorini nyingi kwenye maji ghafi. Klorini inapasua seli za sianobakteria, na zile zenye sumu zinamwaga sumu yake ndani ya maji pamoja na harufu. Seli ikiwa nzima, shabu na mchanga vinaweza kuiondoa na sumu yake ikiwa ndani. Ikishapasuka, mchanga haushiki kitu. Unabaki kutegemea mkaa na klorini ya mwishoni. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa mikrogramu 1 kwa lita kwa mikrosistini, ambayo ni mojawapo ya sumu hizo, katika maji ya kunywa siku zote. Kuchemsha hakuiondoi.

Hatua ya 4: Tenki la kutuamisha

Hapa ni kwa ufupi. Ukiona vibonge vizuri vinapanda na kuvuka ukingo, ama maji yanakwenda kasi kupita uwezo wa tenki, ama tope la chini halijatolewa. Fungua valvu ya tope hadi maji yatoke meupe, kwa ratiba, kila zamu. Tope la mwani lisilale humo siku nzima, linaoza na kurudisha sumu na harufu juu. Na maji ya kuoshea machujio usiyarudishe mwanzo wa mtambo msimu wa mwani.

Hatua ya 5: Mchanga

Sasa ndiyo unafika kwenye chujio, na geji zako mbili zitazungumza. Chujio safi la presha huonyesha tofauti ya bar 0.2 hadi 0.3 hivi. Ikifika 0.5 hadi 0.7, lioshe kinyume, yaani bakiwashi.

Tofauti inapanda haraka, saa mbili au tatu baada ya kuosha? Uso wa mchanga umezibwa na mwani au na shabu iliyozidi. Rudi hatua ya 3.

Tofauti iko chini siku nzima lakini maji yanatoka machafu? Hiyo ni hatari zaidi, kwa sababu geji inakufariji bure. Maji yamejichimbia njia, hayapiti tena kwenye mchanga wote. Au shabu haitoshi na uchafu ni mdogo kuliko nafasi kati ya punje. Chujio likifunguliwa kwa utaratibu, utakuta uso una mabonde na nyufa pembeni mwa ukuta, na ukichimba kwa mkono utatoa madonge ya tope magumu kama kunde, mengine kama yai. Madonge hayo yanatokana na bakiwashi dhaifu ya miezi mingi.

Mchanga unaonekana kwenye bomba la maji safi? Nozeli au bomba dogo la chini limevunjika. Zima chujio hilo. Mchanga unatoka kwenye mtaro wa bakiwashi? Ama kasi ni kubwa mno, ama hewa imeingia na kuurusha.

Bakiwashi dhaifu ndilo kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko yote, na sababu yake ni hesabu. Chukua chujio lenye kipenyo cha mita 1.2. Eneo lake ni mita za mraba 1.13. Likiwa kazini linachuja kwa kasi ya mita 12 kwa saa, yaani mita za ujazo 14 hivi kwa saa. Kuinua mchanga wa kawaida wa nusu milimita ili punje zisuguane na kujiosha kunahitaji mita 35 hadi 40 kwa saa, yaani mita za ujazo 40 na zaidi. Pampu ya kazi ya kila siku haiwezi. Aliyekuuzia chujio moja na pampu moja alikuuzia chujio lisiloosheka. Ukiwa na machujio matatu na pampu inayoyatosha yote kwa pamoja, elekeza maji yote kwenye moja, ukiosha kwa zamu.

Tena maji yetu ni ya vuguvugu, kama nyuzi 25. Maji ya vuguvugu ni mepesi kuteleza kati ya punje, hayauinui mchanga kama maji baridi. Kitabu cha mtambo kilichoandikwa Ulaya kwa maji ya nyuzi 10 kitakupa kasi ndogo kuliko unayohitaji. Ongeza, huku umeshika ndoo kwenye mtaro kuangalia kama mchanga unatoroka.

Osha hadi maji ya mtaroni yawe meupe, kwa kawaida dakika kama 10. Usikatishe dakika ya tatu kwa sababu minofu inasubiri. Ukimaliza, maji ya mwanzo ya dakika tatu hadi tano yaende mtaroni, yasiingie tenki. Tabiditi baada ya mchanga iwe chini ya NTU 1. Juu ya 5, simamisha.

Kwa kijana wangu, tofauti ya geji ya kuingia na ya kutoka ilikuwa bar 0.9. Aliosha dakika 12, ikarudi 0.3. Mchanga wake ulikuwa mzima.

Hatua ya 6: Mkaa

Mkaa unaondoa harufu, ladha, klorini na sehemu ya sumu za mwani. Pima klorini kabla na baada yake: ikianza kupita, mkaa umechoka, na kuuosha hakutaufufua, unabadilishwa. Kumbuka kwamba maji yakishapoteza klorini humo, bakteria wanapata nyumba ya joto yenye chakula. Hivyo usiache chujio la mkaa limesimama wikendi nzima kisha ukalifungulia Jumatatu moja kwa moja kwenye uzalishaji. Lioshe, na klorini irudishwe baada ya mkaa.

Hatua ya 7: Katriji na membreni

Kwa barafu na kuoshea samaki, maoni yangu ni kwamba maji ya ziwa hayahitaji membreni za RO, zile za kuondoa chumvi kwa presha. Chumvi yake ni kidogo sana, mita ya upitishaji umeme husoma kama mikrosimensi 100. RO ina maana kwa wanaotumia visima virefu vyenye chumvi, kwa boila kubwa, na kwa wanaojaza chupa. Kama unayo, haya ndiyo ya kutazama.

Mtiririko ukishuka kwa asilimia 10 hadi 15 wakati chumvi haijabadilika, membreni zimechafuka, zisafishwe sasa, usingoje zifike 40. Mtiririko ukipanda na chumvi ikapanda pamoja nao, klorini imezila, na hilo halitengenezeki. Kabla ya kulaumu membreni, soma joto la maji: kila nyuzi moja ikishuka, mtiririko hupungua kwa asilimia 3 hivi. Katriji ya maikroni 5 (chujio dogo la kubadilisha, kabla ya membreni) ikiwa inaziba kila siku mbili, usitafute katriji ya bei nafuu. Rudi kwenye mchanga.

Hatua ya 8: Klorini, taa, na tenki la mwisho

Lengo la kawaida ni miligramu 0.5 kwa lita ya klorini huru (ambayo haijaungana na uchafu) baada ya dakika 30, pH ikiwa chini ya 8. Hilo sharti la pH halina mjadala. Klorini yenye nguvu ya kuua ni nusu ya klorini yote pH ikiwa 7.5, ikiwa 8.5 inabaki sehemu moja kwa kumi. Ikiwa 9, ni asilimia 3 tu. Kipimo cha DPD kitakuonyesha waridi zuri lile lile na bakteria watabaki hai. Usirekodi klorini bila kuandika pH pembeni yake.

Vidonge vyenyewe vina mtego. Klorini ikizidi sana, rangi inawaka waridi mara moja kisha inapotea, na mtu anaandika sifuri na kuongeza klorini. Ukiona hivyo, changanya sehemu moja ya maji hayo na sehemu tisa za maji yasiyo na klorini, pima tena, zidisha kwa kumi.

Harufu kali ya klorini nayo inapotosha. Mara nyingi inatoka kwenye klorini iliyoungana na amonia ya uchafu, na inayohitajika ni klorini zaidi, sio pungufu. Pima klorini huru na klorini jumla. Tofauti ikiwa kubwa, ndiyo hiyo.

Hesabu ya tenki: mita za ujazo 50, unataka kuongeza miligramu 1 kwa lita, unahitaji gramu 50 za klorini halisi. Unga wa asilimia 65 utakuwa gramu 77. Yeyusha kwenye ndoo, acha utulie, tumia maji ya juu. Tope la chini ndilo linaloziba pampu. Unga uliokaa wazi kwenye joto la stoo hauna tena asilimia 65.

Taa za UV, zinazoua vijidudu kwa mwanga: badilisha balbu baada ya saa 9,000 hivi, ambazo ni kama mwaka mmoja wa kuwaka mfululizo, hata kama bado inaangaza. Futa kioo chake kwa siki. Maji yenye ukungu yanawaficha bakteria nyuma ya chembe, kwa hiyo UV haiwezi kufidia mchanga mbovu.

Mwisho panda juu ya tenki. Mfuniko uliokaa upande, wavu uliochanika wa kuzuia wale wadudu wa ziwani wanaoruka kama moshi, ndege, popo. Nimeona mtambo mzima ukifanya kazi sawasawa na uchafu ukiingilia hapa.

Kurudisha uzalishaji

Samaki wa ziwa hili wanauzwa nje kwa masharti kwamba maji yanayowagusa ni ya kunywa. Mwanzoni mwa 1998 Umoja wa Ulaya ulifunga mlango kwa samaki wabichi wa nchi zetu kwa hofu ya kipindupindu, na waliokuwa viwandani wakati huo wanakumbuka familia ngapi za mwaloni zilikosa kipato. Kwa hiyo kijana hakuwasha mashine ya minofu rangi iliporudi nyeupe. Barafu yote ya usiku ule ilitupwa. Tenki la maji safi lilimwagwa, likasuguliwa, likajazwa upya. Alipima kila nusu saa mpaka akapata vipimo vinne mfululizo vilivyo sawa, kisha sampuli ikaenda maabara ya samaki Nyegezi.

Saa tatu asubuhi alinitumia picha ya ukurasa wa daftari. Ziwa: pH 8.1, NTU 14. Baada ya shabu: pH 7.0. Baada ya mchanga: NTU 0.6, geji 0.3. Tenki: klorini huru 0.7, pH 7.1. Chini yake alikuwa ameongeza safu ambayo daftari lao halikuwa nayo, ya saa ambayo tenki la maji ghafi lilijazwa.